Kabla ya kuchagua kiwanja, tembea njia yake



Kwa wiki nyingi sasa, kila tukimaliza kuhesabu makuta ya likelemba, mazungumzo yanarudi palepale: tuhamie wapi? Mama mmoja kati yetu ameongezewa kodi mara mbili ndani ya mwaka. Mwingine anaishi na watoto sita katika vyumba viwili kule Nyakasanza, na choo wanatumia familia nne. Na kwetu, mwenye nyumba alikuja jioni moja, akakaa vizuri kwenye kiti, akatuambia kijana wake anaoa na anahitaji nyumba. Alitupa miezi mitatu.

Zamu yangu ya likelemba ilikuwa inakaribia, na baba watoto alikuwa ameweka kidogo kutoka mshahara wake wa ualimu. Tukasema: badala ya kulipa tena garanti ya miezi sita kwa nyumba ya mtu, tutafute kiwanja nje ya mji, tujenge hata vyumba viwili, tuwe tunaingia Bunia asubuhi na kutoka jioni. Wengi wanafanya hivyo. Simama asubuhi mapema kwenye mlango wowote wa mji utawaona: wamama wenye makala na sombe, walimu, wanafunzi wenye madaftari chini ya kwapa, moto zilizobeba watu watatu na kuku mmoja.

Bunia imejaa, na sababu tunazijua. Tangu Ituri iwe jimbo mwaka 2015, ofisi za jimbo ziko hapa na wafanyakazi wake wanatafuta nyumba. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2017, vita vilipoanza tena upande wa Djugu, watu wa vijijini wamekimbilia mjini. Wengine wako kambini, wengine wako kwa ndugu. Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Alifika mwaka 2018 na begi moja na kuku wawili, na tangu siku hiyo analala chumba kimoja na wajukuu.

Katika nyumba yetu kila mtu alikuwa na njia yake moyoni. Mimi ninauza samaki kavu sokoni, kwa hiyo moyo wangu ulikuwa Kasenyi. Mama mkwe alitaka kurudi kwao, upande wa Iga Barrière. Baba watoto alisema Nyankunde, kwa sababu ya hospitali. Mtoto wetu wa tatu ni SS. Wamama wenye mtoto wa SS mnajua maana yake: anaweza kulala mzima, na saa sita za usiku akaanza kulia na maumivu ya mifupa, na kabla ya asubuhi akahitaji damu.

Nikaona tukibaki kubishana kwenye meza, miezi mitatu itapita. Nikaacha biashara kwa dada yangu, siku moja kila wiki, nikapita njia zote tatu kwa macho yangu. Ninawaandikia niliyoyaona. Njia zetu hubadilika kati ya wiki na wiki, kwa hiyo kabla ya kutoka ulizeni waliopita jana.

Njia ya ziwa

Nilianza na njia ya moyo wangu. Kutoka Bunia hadi Bogoro ni kilometa 25 hivi, kwenye vilima vya majani na ng'ombe. Baada ya Bogoro, barabara inaanza kushuka kuelekea Ziwa Albert. Bunia iko zaidi ya meta 1,200 juu ya bahari. Ziwa liko karibu na meta 620. Mama, unashuka na swita, unafika chini umeitoa, na bado jasho linatoka.

Kasenyi inapendeza. Mitumbwi inarudi asubuhi, wanawake wanasubiri na beseni, kapitene wakubwa wanalala chini kama magogo, na samaki ndogo wanaanikwa kila mahali. Kuna mitumbwi inayovuka hadi Ntoroko, Uganda. Kiwanja nilichoonyeshwa kilikuwa chini ya nusu ya bei ya Bunia. Nikahesabu haraka: ningenunua samaki mlangoni kwangu, nisimlipe mtu wa katikati, nipande na mzigo mara mbili kwa wiki. Nikaanza hata kuona mahali nitakapoweka kichanja changu cha kuanikia.

Kisha nikaenda kunywa chai kwa dada anayenipatia samaki miaka mingi. Nikamwambia habari yangu. Akacheka, akaniambia: “Dada, huku samaki ni rahisi. Maji ndiyo ghali.” Alinionyesha watoto wanaochota ziwani, mahali palepale wanapofulia na kuoga. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara kwenye kandokando ya ziwa letu, na anayeishi huko lazima awe na makala ya kuchemsha maji kila siku, au pesa ya kununua maji mazuri. Halafu kuna mbu. Joto la chini linawapenda. Kwa mtoto wa SS malaria si homa ya kupita tu. Ni ile inayomaliza damu yake. Nikaacha kufikiria kichanja.

Siku hiyo mvua ilinyesha mchana. Wakati wa kupanda tulikuta lori limekwama kwenye mlima, na nyuma yake magari na moto zimejipanga. Nilifika Bunia saa tatu za usiku. Watoto walikuwa wamelala bila kula vizuri, kwa sababu mkubwa aliogopa kuwasha moto.

Wakati wa kwenda nilikuwa nimeshuka Bogoro. Wote tunaijua tarehe 24 mwezi wa pili 2003, na kesi yake ilifika mpaka The Hague, Uholanzi, ambako mwaka 2017 majaji waliamuru wahanga 297 walipwe fidia. Lakini nilitaka kujua watu wanaishi namna gani leo. Mama mmoja mjane anayeuza ndizi barabarani aliniambia kwamba aliporudi, hakuanza kwa kutazama nyumba yake kama bado imesimama. Alianza kuuliza: jirani wa kushoto amerudi? Wa kulia je? Aliposikia wamerudi, ndipo akaleta watoto. Nililiandika swali hilo kwenye daftari langu, na lilinisaidia kwenye njia iliyofuata.

Njia ya Mahagi

Wiki ya pili nilikwenda na mama mkwe. Tulitoka Bunia kwenye Nationale 27, barabara inayotoka Komanda, inapita mjini kwetu, inakwenda hadi Mahagi na mpaka wa Uganda. Sabuni, simenti, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, vingi vya vitu hivyo vinatufikia kwa barabara hii. Ikifungwa siku tatu tu, sisi sokoni tunajua kabla ya redio kusema, maana bei inapanda.

Tulipita Centrale, tukafika Iga Barrière. Ni kilometa 25 hivi pia, lakini ni nchi nyingine. Huku ni nchi ya dhahabu. Tangu mwaka 1903 wazungu walipoipata upande wa Kilo, watu wa hapa wameishi na shimo na kinu. Soko la Iga lina pesa, hilo sikatai. Mama anayejua kupika maandazi na chai hatakosa mteja. Lakini pesa ya dhahabu inapandisha kila kitu, hata kitunguu, na mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili akiona rafiki yake ametoka kwenye shimo na simu mpya, daftari linakuwa zito mkononi mwake. Mwalimu mmoja aliniambia darasa la sita linaanza mwaka na wavulana wengi na kumaliza na wachache.

Mama mkwe hakuwa anasikiliza hayo. Alitembea mbele yangu kama msichana, akanipeleka kwenye kiwanja chake. Ukuta mmoja umebaki, na mti wa avoka. Alisimama chini ya mti, akashika shina, hakusema neno. Mimi nikaenda kuuliza swali la yule mama wa Bogoro: majirani wamerudi?

Jibu lilikuwa: wanarudi mchana. Asubuhi wanatoka Bunia, wanalima, wanavuna mihogo, na jua likianza kushuka wanapanda moto kurudi mjini kulala. Kwenye kila kizuizi wanalipa kidogo. Nikahesabu kwenye kijiji kile nyumba zenye moshi wa jioni; hazikuwa nyingi. Nikajua kwamba mahali ambapo wenyewe bado hawalali, mimi siwezi kupeleka watoto wangu walale. Kumwambia mama mkwe ndilo lilikuwa gumu. Nilimwacha aongee kwanza. Ndani ya moto, tukirudi, alisema mwenyewe mgongoni mwangu: “Bado.” Neno moja tu.

Njia ya Komanda

Njia ya tatu inakwenda kusini-magharibi. Tulikwenda na baba watoto, siku ya likizo. Nyankunde iko kilometa 45 hivi kutoka Bunia, chini ya milima, na nikisema ukweli, kati ya mahali pote tulipoona ndipo palipotulia moyo wangu. Kuna hewa nzuri, kuna udongo mweusi, kuna shule, na kuna hospitali ya CME ambayo makanisa ya Kiprotestanti yaliianzisha kwa pamoja miaka ya 1960. Wauguzi wengi waliotuzalisha sisi walisomea pale. Mwezi wa tisa 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi sana waliuawa, hospitali ikaporwa na kuharibiwa, na waliopona walitembea porini siku nyingi kuelekea Oicha. Baadaye watu walirudi wakaijenga tena. Mama wa makamo anayeuza maharagi mbele ya hospitali alituonyesha jengo moja moja: hili la zamani, hili jipya, hapa palikuwa na moto.

Muuguzi mmoja alituketisha akatueleza kwa subira mambo ya SS: vidonge vya asidi ya foliki kila siku, maji mengi, chandarua kila usiku, mtoto asipigwe na baridi, na mkiona homa msingoje asubuhi. Baba watoto alinitazama kana kwamba nyumba imekwisha jengwa.

Jioni tulichukua kalamu. Shule yake iko Bunia, soko langu liko Bunia. Tuseme moto ni franka 15,000 kwenda na 15,000 kurudi. Kwa siku 24 za kazi ni franka 720,000, na huyo ni mtu mmoja tu. Mshahara wa baba watoto haufiki hapo, na mimi je? Basi angebaki Bunia juma lote, arudi Jumamosi. Hiyo maana yake ni chumba cha kupanga Bunia na nyumba Nyankunde: sufuria mbili, makala mara mbili, na mimi peke yangu na watoto na mama mkwe, nikisikiliza kila jioni kama njia iko wazi. Tungekuwa karibu na hospitali, lakini mbali na kila kitu kinacholipia hospitali. Kwa familia ambayo mmoja ana kazi palepale Nyankunde, ningesema nendeni bila kusita. Kwetu haikuwezekana.

Ukingo wa mji

Tulirudi nyumbani tumechoka, na tulikuwa tumebaki na wiki tano. Ndipo nikakumbuka lile lori lililokwama mlimani na watoto walioniogojea. Nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: siku ambayo moto zote zimegoma, au njia imefungwa, je, nitafika kwa watoto wangu kwa miguu kabla ya giza?

Swali hilo lilifuta Kasenyi, Iga na Nyankunde kwa pamoja. Likabakiza vijiji vya ukingoni. Tukatazama upande wa Dele, kusini mwa mji. Sikukubali kuonyeshwa kwa moto. Siku ya soko nilifunga biashara saa kumi jioni, nikaweka beseni kichwani kama kawaida, nikatembea. Nilifika saa kumi na moja na nusu, bado kuna mwanga. Miguu iliuma, lakini nilifika.

Nilirudi tena saa kumi na mbili asubuhi, kuona chemchemi. Wamama, msiulize habari za maji mchana. Mchana kila chemchemi ni nzuri. Nendeni asubuhi mhesabu bido zilizopanga mstari. Nilihesabu 31. Si kidogo, lakini maji yanatoka safi na yamejengewa.

Nilikwenda centre de santé nikauliza: nani analala hapa usiku? Nikaonyeshwa muuguzi. Nikatafuta dereva wa moto anayelala kijijini, si anayerudi mjini jioni. Wako wawili, namba zao nimeziandika ukutani kwa mkaa. Nikaenda shuleni. Tangu 2019 shule ya msingi ya Serikali ni ya bure, lakini hiyo haikuambii watoto wangapi wanakaa kwenye benchi moja, na kuna shule ambazo bado zinakuomba hiki na kile. Kaa nje wakati wa kutoka, uulize wamama wanaokuja kuchukua watoto. Umeme hakuna, tuna pano moja ndogo ya jua, inatosha taa na simu.

Karatasi

Kiwanja cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Aliyetuonyesha alikuwa na karatasi yenye muhuri, na maneno matamu. Tuliokolewa na jirani mzee aliyetoka nyumbani kwake akauliza kwa upole tunapima nini.

Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Karatasi ya mauzo peke yake haimalizi kazi. Kinachotambuliwa kamili ni certificat d'enregistrement. Wengi wetu tunaanza na karatasi ya mauzo kwa sababu ya makuta, lakini tujue kwamba ni mwanzo. Kabla ya kutoa hata franka moja, mwone shefu wa mahali, waone majirani wa pande zote nne wakiwa wamesimama kwenye mipaka, na uende kwenye ofisi ya kadastre kuuliza kama kiwanja kina jina la mtu. Lipa mbele ya mashahidi, hesabu iandikwe, na kila mtu abaki na nakala yake.

Na jina lako liandikwe. Sheria ya familia ilirekebishwa mwaka 2016. Mama aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili asaini mbele ya sheria, na mambo yanayowafunga wawili wanapaswa kuyakubaliana wawili. Makuta ya likelemba yalitoka mikononi mwa wamama ishirini. Sikuona haya kumwambia baba watoto kwamba majina yatakuwa mawili. Alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mwandishi: “Andika.”

Tulipo leo

Tulihamia na vyumba viwili vya matofali mabichi, mabati, bila plafon. Mvua ikinyesha hatusikilizani. Ninaamka mapema kuliko zamani, na wateja wangu wa asubuhi wengine nimewapoteza. Sitawaambia kwamba ukingoni ni peponi.

Mwezi wa pili baada ya kuhama, mtoto alianza kulia usiku. Nilipiga ile namba ya ukutani. Dereva alifika na koti juu ya pijama. Tulisimamishwa mara moja njiani. Askari alimmulika mtoto usoni kwa tochi, akatupisha. Alipewa damu kabla ya saa kumi. Nikiwa nimekaa pale kwenye kitanda nilifikiria kama ingekuwa kwenye ule mlima wa Kasenyi, nikaacha kufikiria.

Mama mkwe alikubali kuja kwa sharti moja: kiwanja chake cha Iga kisiuzwe. Watu walikuwa wamekwisha kumjia na bei ndogo, wakijua ana shida. Karatasi zake za zamani tumezifunga kwenye plastiki, na mwanawe amekwenda kuuliza namna ya kuziimarisha. Wamama mliokimbia, msiuze kwa haraka ya njaa ya leo. Ongeeni kwanza na watu wenu, na nasi. Siku ile ya safari yetu alikuwa ameokota mbegu za avoka chini ya mti wake, akazificha kwenye kitambaa bila kuniambia. Mbili zimeota nyuma ya jiko letu.

Jumamosi, baada ya likelemba, tubaki nusu saa. Kila anayetaka kuhama aje na jina la mahali anapopafikiria, na aliyewahi kuishi huko aseme ukweli: maji, shule, usiku, majirani, njia. Tutaandika yote kwenye daftari moja la chama, ili mama anayepewa miezi mitatu asianze kama nilivyoanza mimi.